Maporomoko Niliyoyavaa

Jumatatu, 6 Mei

Siku mbaya. Na ilianza na chai nzuri.

Mama mkwe kaingia studio bila hodi. Nyuma yake shemeji, mdogo wa mwisho wa mke wangu, anayeolewa mwisho wa mwezi. Nikajua wamekuja kupanga picha za harusi. Nikapangusa viti. Nikawasha taa zote, hata ile inayonguruma. Nikalifungua pazia langu la maporomoko, kubwa, ukuta mzima, nililolichora kwa mkono wangu kutoka kwenye kalenda ya duka la dawa. Maji yanashuka. Upinde wa mvua umepinda. Mabata wawili weupe wanatazamana kwa mapenzi. Nusu ya mtaa huu imeoa mbele ya pazia hilo. Mimi mwenyewe nimeoa mbele yake.

Shemeji hata hakulitupia jicho. Akasema anataka picha za maporomoko. Nikamwonyesha kwa mkono: si haya hapa? Akasema anataka ya kweli, yale ya hifadhi ya msituni, basi la mjini linapogeuzia. Rafiki zake wote wamepigwa picha kule. Na aliyewapiga ni Droni!

Droni ni kijana wa studio ya ng'ambo ya barabara. Jina kapewa na watu kwa sababu ana kamera inayoruka. Tangu afungue, wanaonijia mimi ni watu wa picha za pasipoti, tena waliochoka kupanga foleni kwake.

Mama mkwe hajawahi kukubali kwamba binti yake mkubwa kaolewa na mtu mwenye akili. Akakata shauri papo hapo. Jumamosi twende hifadhini wote. Mimi nipige, Droni apige, bibi harusi achague. Kisha akaniuliza kama mahali penyewe napajua. Nikasema napajua mno, huwa naenda kule kupumzisha macho.

Sijawahi kukanyaga.

Nijiambie ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Wakwe zangu wenyewe wakimchukua Droni, nimekwisha. Mtaa mzima utasema hata ukweni kwake hawamwamini. Harusi hii lazima niipate.

Jumanne, 7 Mei

Nimemchunguza mke wangu kwa ujanja mkubwa. Yeye hushona sare za shule, na mwaka jana alikwenda kule na mafundi wenzake. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, maporomoko yale yakoje. Akanijibu kwamba aliniomba twende pamoja, si mara moja, nami nikamwambia ninayo ya kwangu ukutani. Hilo halikuwa swali langu.

Nikauliza tena. Akanyamaza, sindano mkononi. Akasema hawezi kuyaeleza. Mwanamke huyu! Anaweza kusimulia ugomvi wa majirani kutwa nzima bila kurudia neno, leo maji yanamshinda? Nikaelewa. Mahali penyewe si lolote, anaona haya kusema.

Na kweli, fikiria kitaalamu. Maji ya kweli yanalowesha gauni. Yanalowesha lenzi. Yana kelele. Hayasimami ukiyaambia yasimame. Hayana mabata.

Nimepata! Nitalibeba pazia. Nitalitundika katikati ya miti ya kweli, karibu na lango, kabla bibi harusi hajachoka na ngazi za kushukia majini, nasikia ni nyingi. Kulia msitu, kushoto msitu, katikati maji yangu. Atapigwa picha akiwa mkavu, anacheka. Droni atakuwa huko chini anafuta lenzi. Picha zikitoka, nani atauliza?

Nimejipongeza kwa soda.

Jumatano, 8 Mei

Pazia limepauka. Maji yamekuwa rangi ya maziwa yaliyoharibika. Nimekwenda duka la rangi. Muuzaji akataka kunipa rangi ya mafuta. Nikamwambia ile hukauka kwa kudra za Mungu, na mimi nina haraka, anipe rangi ya maji. Akauliza kitu chenyewe kitakaa mahali penye maji? Nikamjibu kitu chenyewe ni maji. Akauliza tena. Watu wengine hawana kazi za kufanya.

Nimepaka mchana kutwa. Buluu ya nguvu. Povu jipya. Mawe yenye kivuli. Nafasi ikabaki pembeni, nikaongeza bata wa tatu. Mke wangu kapita na furushi la sare kichwani, akasimama, akasema bata huyo anafanana na shangazi yake. Wivu tu. Ila sasa nikimtazama bata, kweli ana macho ya shangazi.

Alhamisi, 9 Mei

Leo upelelezi. Nimevuka barabara na kuingia kwa Droni nikiwa na miwani ya jua na kofia, nikasema nahitaji picha ya pasipoti. Akanisalimia kwa heshima, shikamoo kaka, akauliza biashara yangu inaendeleaje. Miwani haifai kitu.

Nikajifanya napiga soga. Nikauliza Jumamosi atakwenda na nini. Akasema na kamera yake tu na mfuko wa nailoni. Nikauliza, na ile inayoruka? Akatabasamu tu. Ahaa! Nimemshika. Ataileta kwa siri, aipandishe juu ya maji, mama mkwe apige vigelegele, mimi nizikwe.

Picha yangu ya pasipoti imetoka nzuri mno. Sijawahi kuwa na sura ile. Niliitazama njia nzima, nusura nigongwe na baiskeli. Nimeificha droo ya chini. Namchukia zaidi kuliko jana.

Ijumaa, 10 Mei

Nimepiga simu hifadhini. Kurusha kamera msituni ni marufuku kule, fundi baiskeli kaniambia. Nikaikaza sauti, nikaishusha chini, nikajitambulisha kama mwananchi mwema. Nikasema nina habari kwamba kesho kuna mtu atakuja na vifaa visivyoruhusiwa, ni vizuri kila mzigo ukaguliwe. Aliyepokea ni askari wa hifadhi, mwanamke, sauti kavu. Akanishukuru. Akasema hakuna kitakachopita hata kama ni kijiti.

Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Nikamwambia nimekumbuka jambo.

Pazia limekunjwa kwenye mwanzi wake, limefungwa kwa kamba. Koti la mvua tayari. Kesho!

Jumamosi, 11 Mei

Naandika mkono ukiwa bado una buluu kwenye kucha.

Tulipanda basi asubuhi, mimi, mke wangu, mama mkwe na shemeji, na mwanzi wangu ulioziba njia ya katikati. Kondakta alisema maneno ambayo siyaandiki. Mjini kuna nyumba, halafu nyumba, halafu gereji, halafu ghafla nyumba zinaisha na miti inaanza, kama mtu kafunga mlango. Droni alikuwa amefika. Kamera shingoni, mfuko wa nailoni, basi.

Langoni, ukaguzi. Askari wa sauti kavu kasimama mwenyewe. Akamkagua Droni upesi, hana kitu. Akamuuliza habari za kamera inayoruka, maana anamjua. Droni akasema aliiacha nyumbani, humu haileti kamwe, inatisha ndege. Kumbe! Kisha askari akageukia mwanzi wangu. Akauzunguka. Akaupima kwa macho. Akasema fimbo ndefu kama hizo watu huzitumia kuwachokoza kima, haupiti, na ndani humu hakitundikwi kitu mtini. Akaongeza kwamba kwa kawaida wasingekagua, ila jana kuna mwananchi mwema kawapigia.

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Mtu mzima hujua wakati wa kunyamaza.

Mwanzi ukabaki langoni. Lakini pazia? Pazia ni kitambaa tu! Nikaomba kwenda msalani. Nikalivua kwenye mwanzi, nikajizungushia mwilini, kifuani, tumboni, mapajani, nikafunga kamba, nikavaa koti la mvua juu yake. Nikatoka natembea kama mlango. Mama mkwe akanitazama, akauliza nimenenepa lini, kwenye basi nilikuwa mwembamba. Nikasema ni baridi. Mpango mpya: chini kule nitapata mwamba wa kulitundika.

Tukaanza kushuka. Ngazi za mawe, zenye utelezi, na kigogo cha kushikia. Nilikuwa nawaza misumari. Nilikuwa nawaza nitamsimamisha wapi shemeji. Sikuwa natazama kitu. Halafu nikaona kwamba hakuna anayeongea.

Mama mkwe hakuwa anaongea! Mama mkwe, aliyezungumza kwenye maziko ya mumewe kuanzia mwanzo hadi udongo wa mwisho. Anashuka taratibu, mkono kwenye kigogo, kainua uso. Na mimi nikainua uso.

Sikujua kuna miti mirefu hivyo. Nimechora miti maisha yangu yote, miti ya pembeni, miti ya kujazia nafasi. Hii haikuwa ya kujazia chochote. Ilipanda mpaka shingo ikaniuma, na juu huko majani yakaachia mwanga kidogo kidogo, ukashuka wa kijani, ukatua kwenye mkono wa mke wangu, ukahama. Harufu ya udongo mbichi. Kima mmoja katuangalia kwa dharau, akaendelea kula. Kulikuwa na ngurumo pia, nilidhani ni barabara kuu. Nikawaza, mbona magari mengi hivi msituni? Ngurumo ikazidi. Ikaingia miguuni, ngazi zenyewe zikawa zinatetemeka. Mke wangu akanigeukia, akatabasamu tu, kama mtu aliyekuwa anangoja siku nyingi.

Tukakata kona.

Sasa mimi ndiye ninayeshindwa kuyaeleza. Nimekaa na kalamu hapa, chai imepoa. Maji yalikuwa yanaanguka. Ndiyo, hilo nilitegemea. Lakini yalikuwa yanaanguka kutoka huko juu ambako ni mbingu, mengi, meupe, na hayakuisha. Hilo ndilo lililonishika. Ningali nangoja yaishe. Kila nilipodhani hayo ndiyo ya mwisho, mengine yakaja nyuma yake, na mengine, bila kuchoka, bila kututazama, na walikuwepo watu pale kabla yangu na bado yalikuwa yanaanguka. Niliogopa. Naandika wazi: niliogopa. Kisha hofu ikageuka furaha, sijui ilipita wapi. Upepo wa maji ukanipiga usoni. Nilitaka kumshukuru mtu. Sikujua nani, nikamshika mkono mke wangu.

Kamera ilikuwa inaning'inia shingoni mwangu. Sikuikumbuka. Sikumkumbuka Droni. Alikuwa kakaa juu ya jiwe, kamera mfukoni, mdomo wazi kama mimi, na kwa kitambo kile sikuwa na neno baya juu yake. Shemeji alikuwa analia, machozi na manyunyu hayatofautiani. Mama mkwe alikuwa anasema kitu polepole, nadhani anasali. Tulisimama pale muda ambao siujui.

Halafu shemeji akapiga ukelele.

Nikageuka. Anaonyesha miguu yangu. Miguu yangu ilikuwa buluu. Mawe niliyosimama juu yake yalikuwa buluu. Kutoka mikononi mwa koti, kutoka kwenye suruali, kutoka shingoni, maporomoko yangu yalikuwa yanashuka, na kijito kidogo chenye rangi ya dukani kilikuwa kinaelekea mtoni. Manyunyu yalipenya koti zamani. Mimi sikuhisi kitu!

Askari alitokea upesi kuliko kima. Akaniamuru nipande juu, mbali na maji, nivue. Nikavua koti. Nikaanza kujizungusha ili pazia litoke, na mke wangu akavuta ncha ya pili. Bata wa kwanza akatoka. Bata wa pili akatoka, bila kichwa. Wa tatu akabaki kwenye shati langu, kifuani, ananitazama kwa macho ya shangazi. Nikajitetea kwamba mimi ni raia mpenda mazingira. Askari akainamisha sikio. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema sauti hiyo anaijua, akauliza mbele ya wote kama si mimi mwananchi mwema wa jana.

Mama mkwe alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Droni hakucheka. Afadhali angecheka.

Nikapewa ndoo na brashi nikasugua mawe mpaka buluu ikaisha. Askari alisimama juu yangu. Lakini niseme tu: kila nilipojaza ndoo niliyaona tena maporomoko, na kila mara nikasahau kwa nini nimeinama. Mara mbili alinikumbusha.

Jumapili, 12 Mei

Hukumu, sebuleni kwa mama mkwe.

Nikatoa picha zangu kwanza. Nilikuwa na moja. Kiatu changu. Kamera ilijipiga yenyewe nilipokuwa najizungusha.

Droni akatoa zake. Shemeji kwenye ngazi, shemeji na mwanga wa kijani, shemeji kanyanyua uso na manyunyu yamekaa kwenye kope. Nikatafuta kosa. Nikatafuta tena. Nikasema ya tatu imepinda kidogo. Hakuna aliyenisikia.

Halafu ikaja moja ambayo yeye mwenyewe alitaka kuirudisha haraka kwenye bahasha, shemeji akaidaka. Nilikuwa mimi. Kanipiga kabla buluu haijaonekana. Mtu mdogo katika koti kubwa, na juu yake maji, maji, maji, hayana mwisho hata kwenye karatasi. Mdomo wazi. Sura yangu haina ujanja hata chembe. Pembeni ni mke wangu, naye hatazami maji. Ananitazama mimi.

Mama mkwe akaichukua, akaishika mbali, akaishika karibu. Akasema kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu kwamba kumbe huyu ni mtu. Shemeji akasema sasa anataka kuolewa kule kule penye maji, na harusi yake ipigwe hivyo, watu wakitazama, wasijipange kama chupa. Kwa hiyo kazi ni ya Droni.

Iliniuma. Nilitegemea iniume zaidi. Ikabidi niitazame picha tena.

Kisha shemeji akaja kukaa karibu yangu, akanishika mikono yote miwili. Akasema ana ombi. Siku ya harusi nije bila kamera. Hata ndogo. Hata ya simu. Anataka shemeji yake mmoja asimame mbele, mikono mitupu, amtazame akiolewa kwa uso ule ule. Akasema hiyo ndiyo zawadi anayoitaka kwangu, nyingine nisihangaike. Mama mkwe, kwa sababu ananijua, akataka niape. Nikaapa. Mke wangu akataka niape tena, nikimtazama yeye. Nikaapa tena, na machozi yakanitoka, ya kweli, sikuyaita.

Njiani kurudi nilimwambia mke wangu kwamba sasa naelewa kwa nini alinyamaza siku ile. Akasema ndiyo. Tukatembea. Aliibeba picha mwenyewe, hakuniachia, na ameisimamisha kando ya cherehani yake.

Jumatano, 15 Mei

Pazia limekauka kwenye kamba. Jeupe kabisa, isipokuwa kivuli cha upinde wa mvua. Nimelitundika ukutani, nikachanganya buluu, nikachukua brashi. Nikasimama. Nikayaona yale ya kule, yanavyoanguka bila kuisha, na mkono ukakataa. Nimeirudisha buluu koponi. Siwezi. Wala si kwamba sijui kuchora. Hayachoreki, na nimefurahi kwamba hayachoreki.

Mteja wa pasipoti kaingia, akauliza maporomoko yamekwenda wapi. Nikamwambia yako msituni, aende akayaone, asimwambie mtu yeyote kitu, asimame tu. Mtu kaondoka bila kupiga picha. Sikumfuata hata mlangoni. Nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Na kiapo changu ni kiapo. Siku ya harusi nitasimama mbele, pale pale penye manyunyu, mikono mitupu, macho yangu yote kwa shemeji na kwa maji. Sitashika kamera. Sitaigusa. Nimemwambia mke wangu hivyo asubuhi, akanibusu kwenye paji la uso.

Mchana nimepita kwa fundi kofia. Nimemngoja anishonee kofia ya harusi, nyeusi, ndefu kidogo kuliko za kawaida, yenye tundu dogo mbele ambalo mtu akiliona atadhani ni urembo, na bitana ya plastiki ndani kwa ajili ya maji. Kamera yangu ndogo imeingia bila shida. Inajipiga yenyewe ukiinamisha kichwa. Nimejaribu kwenye kioo: nikiinama kwa heshima, inapiga. Nikisali, inapiga. Droni atapiga uso wangu, mimi nitapiga wanachokitazama watu wote, na picha zikiwekwa mezani kwa mama mkwe tutajua harusi ilikuwa ya nani.

Niliyeapa ni mimi. Kofia haijaapa chochote.